Anayekamata Ndiye Anayeandika: Rekodi za Kukamatwa katika Kaunti ya Jefferson, Kentucky

Mwanzoni mwa Desemba 1972, msimu wa manunuzi ya Krismasi ukiwa umeanza, mkuu wa polisi wa jiji la Louisville na mwenzake wa Kaunti ya Jefferson, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, waliwagawia wafanyabiashara wapatao 800 chapisho la kurasa tano lililojaa picha za watu. Kichwa chake kiliwatangaza watu hao kuwa wezi wa madukani ambao bado wanaendelea na wizi wao. Katika ukurasa wa pili ilikuwamo picha na jina la Edward Davis, mpiga picha wa gazeti la mjini humo. Davis alikuwa amekamatwa Juni 1971 kwa tuhuma ya kuiba dukani, akakana shtaka, na shauri lake likawekwa kando bila hukumu yoyote. Muda mfupi baada ya chapisho lile kusambaa, shtaka lenyewe likafutwa. Mkubwa wake kazini alimwita na kumwambia kwamba hatafukuzwa, lakini ajihadhari asijikute tena katika hali kama hiyo.

Davis aliwashtaki wakuu hao wa polisi, na shauri lake likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 23 Machi 1976, kwa kura 5 dhidi ya 3, majaji waliamua kwamba kuchafuliwa jina peke yake, hata kama aliyelichafua ni ofisa wa serikali, hakumnyimi mtu haki inayolindwa na Katiba ya nchi. Uamuzi huo hunisumbua kila ninapourudia, kwa kuwa hakuna mahakama iliyokuwa imemtia Davis hatiani, na bado hakupata kwa majaji wale fidia ya jina lake. Kilichomweka katika ukurasa ule wa pili ni rekodi ya kukamatwa, na wafanyabiashara 800 waliisoma kana kwamba ni hukumu.

Mwaka huo huo wa 1976, Baraza la Kutunga Sheria la Kentucky lilipitisha Sheria ya Rekodi za Umma, ambayo inamruhusu mtu wa kawaida kwenda katika ofisi ya serikali na kudai kuona karatasi zake, zikiwamo nyingi za polisi. Kwa hiyo katika kaunti hiyo moja, ndani ya miezi michache, mkazi alielezwa na mahakama ya Washington kwamba jina lake halina ngao ya Katiba dhidi ya karatasi za polisi, kisha akapewa na watunga sheria wake haki ya kuziona karatasi hizo. Naona mambo hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja na kila mtu anayetafuta rekodi za kukamatwa, na hasa na sisi wasemaji wa Kiswahili ambao tumekuwa wengi katika jiji la Louisville tangu wakimbizi kutoka Kongo na Burundi walipoanza kupokelewa huko.

Rekodi ya kukamatwa huandikwa na yule aliyekamata. Askari ndiye anayeijaza, kwa maneno yake, mara nyingi ndani ya saa chache baada ya tukio, kabla mashahidi hawajahojiwa vizuri na kabla wakili hajaonekana. Inathibitisha kwa uhakika jambo moja tu, kwamba siku fulani, saa fulani, mahali fulani, dola ilimtia mtu fulani mkononi na ikatoa sababu fulani ya kufanya hivyo. Jambo hilo ni zito vya kutosha kuwekwa hadharani, kwa sababu dola inayokamata watu bila kuandika, au inayoandika kisha ikaficha, wengi wetu tuliotoka ukanda wa Maziwa Makuu tunaijua kwa uchungu wa kumtafuta ndugu kituo hadi kituo huku kila askari akisema hana habari naye. Lakini kama mtu huyo alitenda au hakutenda alichotuhumiwa, karatasi hiyo haiwezi kukujibu. Kwa maoni yangu milango ya rekodi hizi inapaswa kubaki wazi kabisa kwa anayetaka kujua polisi wamefanya nini, na sheria iwe kali kwa anayezitumia kumhukumu mpangaji, mwombaji kazi au jirani yake. Najua karani hawezi kuuona moyo wa mwombaji, na wala hatakiwi kuulizia. Ndiyo maana ukali huo lazima uwekwe kwenye matumizi ya rekodi, kaunta yenyewe ikiachwa huru.

Kaunti ya Jefferson ina mfano wa karibu zaidi kuliko ule wa 1972, na ulimwengu mzima unaujua nusu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 2020, polisi wa Louisville walivunja mlango wa nyumba ya Breonna Taylor, binti wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika kitengo cha dharura cha hospitali. Mpenzi wake, Kenneth Walker, ambaye alieleza kwamba alidhani wamevamiwa na majambazi, alifyatua risasi moja. Polisi wakamimina risasi nyingi ndani, na Breonna akafa. Walker alikamatwa usiku ule ule na kushtakiwa kwa jaribio la kumuua askari. Mtu aliyeipata rekodi yake ya kukamatwa wiki ile, iwe ni mwajiri, mwenye nyumba au ndugu wa mbali, angesoma habari za mtu hatari aliyewashambulia polisi wakiwa kazini. Mei 2020 mwendesha mashtaka mwenyewe aliomba shtaka lile lifutwe, Machi 2021 jaji akalifunga kwa namna ambayo haliwezi kufunguliwa tena, na Desemba 2022 jiji likakubali kumlipa Walker dola milioni 2.

Sasa itazame karatasi nyingine ya usiku huo huo. Ripoti ya tukio iliyoandikwa na polisi kuhusu kifo cha Breonna, ilipotolewa hadharani Juni 2020, ilikuwa karibu tupu. Mahali pa majeraha iliandikwa kwamba hakuna, ilhali mwanamke alikuwa ameuawa kwa risasi; mahali pa kuonyesha kama mlango ulivunjwa iliwekwa alama ya hapana. Taarifa iliyomhusu raia ilijazwa hadi kufikia shtaka zito kabisa, na ile iliyowahusu askari ikaachwa wazi. Hakuna hoja ninayoijua inayoeleza vizuri zaidi kwa nini rekodi hizi zinapaswa kuombwa, kutolewa na kulinganishwa, kwa sababu ripoti ile ingebaki kabatini, pengo lake lisingeonekana na mtu yeyote. Wizara ya Sheria ya Marekani, ilipochapisha Machi 2023 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu idara hiyo ya polisi, ilieleza mtindo wa ukiukaji wa haki uliokuwa umeendelea kwa miaka. Na mtindo huonekana tu pale karatasi nyingi zinapowekwa mezani kwa pamoja.

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa rekodi hizi huumiza watu, afadhali zifungwe. Ninawaelewa, lakini kaunti hiyo hiyo inawajibu kwa msiba mwingine. Desemba 1993, Mary Byron aliuawa kwa kupigwa risasi siku aliyotimiza miaka 21, na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake zamani na aliyekuwa amewekwa kizuizini kwa tuhuma za kumbaka na kumnyatia. Mwanamume huyo alikuwa ameachiwa kwa dhamana, na hakuna aliyemwarifu Mary wala wazazi wake kwamba yuko nje. Mwaka uliofuata, 1994, Kaunti ya Jefferson ilianzisha mfumo wa simu wa kuwajulisha watu pale mahabusu anapoachiwa, unaoitwa VINE, ambao baadaye ulienea katika sehemu kubwa ya Marekani. Leo mtu yeyote anaweza kuutumia kuulizia kama fulani yumo kizuizini na kujiandikisha apewe taarifa atakapotoka. Huduma ambayo mama mzazi huitumia usiku kumtafuta mwanawe ilizaliwa kwa sababu mama mwingine hakupewa habari zilizoweza kumwokoa binti yake, na asingeweza kuelezwa jambo lolote na mfumo ambao rekodi zake zimefungwa.

Anayezitafuta rekodi hizi atakutana kwanza na ushauri wa jumla kwamba aende kwa sherifu wa kaunti. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na Kentucky peke yake ina 120. Katika kaunti nyingi za Marekani ni kweli kwamba sherifu ndiye anayeendesha jela na kutunza orodha ya waliokamatwa. Katika Jefferson ushauri huo utampotezea mtu siku nzima, kwa kuwa sherifu wa huko hulinda mahakama, hupeleka hati za mahakama na hukusanya kodi ya majengo. (Msomaji wa Kenya, ambaye kaunti zake 47 hazina polisi wala jela zake zenyewe, asilichukulie neno hili kana kwamba lina maana moja kila mahali.) Januari 2003 jiji la Louisville na kaunti ziliunganishwa, polisi wa pande mbili wakawa idara moja, na kizuizi kinaendeshwa na idara ya magereza ya serikali hiyo ya pamoja. Hata hivyo miji midogo iliyomo ndani ya kaunti, kama Shively, St. Matthews na Jeffersontown, imebaki na polisi wake, kwa hiyo swali la kwanza la mtafutaji ni kujua ni askari wa mji gani waliokamata. Jibu linaweza kuwa kwenye nembo ya gari lililoonekana na majirani.

Baada ya hapo inafaa kujua kwamba habari za mtu mmoja aliyekamatwa hugawanyika. Kizuizini kuna taarifa za kuingia na kutoka, picha iliyopigwa na kiasi cha dhamana. Kwa polisi kuna ripoti ya tukio, rekodi za simu ya dharura, na video za kamera zinazovaliwa na askari. Kwa karani wa mahakama, katika jengo la Hall of Justice katikati ya mji, ndiko inakofikia ile fomu ambayo askari wa Kentucky huijaza anapokamata, na ndiko kunakoandikwa yote yanayofuata: shtaka lilisomwa lini, nani alikuwa wakili, lilibadilishwa kuwa nini, lilifutwa au mtu alikiri. Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda kwa karani. Ripoti ya polisi itakusimulia mwanzo wa jambo. Faili la mahakama ndilo lenye mwisho wake, na mtu anayechukua ya kwanza bila ya pili amebeba tuhuma bila majibu yake. Kwa wanaotaka kumbukumbu za jimbo zima, ofisi ya utawala wa mahakama za Kentucky hutoa ripoti ya mashauri ya mtu kwa ada.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalitambui mpaka barua yao irudishwe. Sheria ya Rekodi za Umma haizibani mahakama. Tangu mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Kentucky ilisema kwamba mhimili wa mahakama hujiwekea taratibu zake wenyewe, kwa hiyo ombi linalotaja sheria ile likipelekwa kwa karani halina nguvu, ingawa faili lenyewe kwa kawaida liko wazi kwa anayelitaja kwa jina au namba. Sheria inawabana polisi na magereza. Ombi kwao huandikwa, na linaweza kupelekwa kwa mkono, kwa posta au kwa njia ya mtandao. Mwanasheria Mkuu wa jimbo ametayarisha fomu ambayo kila ofisi lazima iipokee. Mwombaji halazimiki kueleza kwa nini anaitaka rekodi, isipokuwa kusema kama ni kwa biashara. Ofisi ina siku 5 za kazi kujibu, na ikikataa lazima itaje kifungu inachokitegemea na ieleze kwa kifupi kinahusikaje. Ukinyimwa, unaweza kukata rufaa kwa Mwanasheria Mkuu bila kuwa na wakili, au kwenda moja kwa moja mahakamani, na ofisi iliyokunyima kwa makusudi inaweza kuamriwa kulipa gharama zako pamoja na hadi dola 25 kwa kila siku uliyonyimwa.

Kila mara ninapowasaidia watu kuandika maombi haya, tatizo kubwa ni upana wa ombi. Mtu huandika kwamba anataka karatasi zote zinazomhusu mtoto wake, na ofisi hurudisha swali, na siku zinapita. Andika tarehe, saa kwa kukadiria, barabara, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na taja kila kitu unachokitaka kwa jina lake: ripoti ya tukio, rekodi ya simu ya dharura, video ya kamera ya askari. Ombi linalotaja kitu kwa jina ni gumu kulikwepa.

Polisi wana sababu wanayopenda kuitoa kuliko zote, nayo ni kwamba upelelezi bado unaendelea. Sababu hiyo ipo kweli katika sheria, lakini mahakama za Kentucky zimekuwa zikiipunguza makali. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema kwamba ofisi haiwezi kulifungia faili zima kwa neno hilo pekee; lazima ionyeshe ni madhara gani yatatokea rekodi zikitolewa. Mwaka 2024, katika shauri la polisi wa Shively lililotokana na gari lililokimbizwa na askari mwaka 2020 hadi watu wakafa, mahakama hiyo ilirudia jambo hilo kwa uwazi zaidi. Wakati huo huo, na hili ninaliunga mkono bila kusita, mahakama ile ile iliruhusu mwaka 2013, katika shauri la mji wa Hopkinsville, kwamba anwani, namba za simu na namba za vitambulisho vya waathirika na mashahidi zifutwe kabla ripoti hazijatolewa. Gazeti lililoziomba halikuhitaji kujua mwanamke aliyetishiwa anaishi nyumba namba ngapi ili lichunguze kazi ya polisi. Mashauri ya watoto nayo yamefungwa kwa sheria, na ni sawa yawe hivyo.

Ninachokipinga katika sheria hii ni marekebisho ya mwaka 2021. Hadi wakati huo mtu yeyote aliweza kuomba rekodi. Sasa lazima awe mkazi wa Kentucky, au awe anafanya kazi au ana ardhi humo, au awe wa chombo cha habari, au awakilishe mmoja wa hao. Inaonekana kama jambo dogo, kwa kuwa Kenya na Tanzania pia, katika sheria zao za upatikanaji wa habari za mwaka 2016, ziliifunga haki hii kwa raia. Lakini fikiria familia ya wakimbizi ambayo mama yuko Louisville, kaka mkubwa yuko Ohio, na anayejua Kiingereza vizuri ni shemeji aliyeko Texas. Katika familia zetu shemeji huyo ndiye huandika barua zote. Sheria ya sasa inamtaka aandike kwa niaba ya mkazi na aonyeshe kwamba ametumwa, jambo linalowezekana, ila ni kikwazo kimoja zaidi kwa mtu ambaye tayari ana vingi, na sioni faida ambayo umma umeipata badala yake. Kwa jambo moja, marekebisho hayo yalimtendea haki mkazi anayesubiri: fomu moja inayokubalika kila ofisi. Inafaa ofisi ya Mwanasheria Mkuu iitoe pia kwa Kiswahili.

Picha zinastahili maneno yao. Kulikuwa na watu waliochukua picha za waliokamatwa kutoka kwenye tovuti za kaunti, wakazibandika kwenye kurasa zao, kisha wakadai malipo ili waziondoe. Kentucky ilipiga marufuku mwaka 2016 kutumia picha hizo kibiashara pale ambapo kuiondoa picha kunahitaji malipo. Mwaka huo huo, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia Kentucky, Michigan, Ohio na Tennessee ilibadili uamuzi wake wa mwaka 1996: wakati ule ilikuwa imesema kwamba mtu aliyeshtakiwa hana faragha katika picha yake iliyopigwa na polisi, na miaka 20 baadaye ikakubali kwamba anayo, kwa sababu intaneti imefanya picha ya siku moja ibaki na mtu maisha yake yote. Majaji walikuwa wanaiangalia picha ya aina ile ile iliyomtesa Davis. Chapisho lake la mwaka 1972 liliweza kuchakaa na kutupwa. La leo halichakai.

Upande wa matumizi, sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 kuhusu taarifa za mikopo ndiyo ngao kuu, na watu wetu wengi wanaidhania kuwa ni ya benki pekee. Kampuni inayouza taarifa za historia ya mtu kwa mwajiri au mwenye nyumba inabanwa nayo. Hairuhusiwi, kwa kawaida, kutaja kukamatwa kusikoishia kwenye hatia baada ya miaka 7, isipokuwa kwa kazi yenye mshahara wa dola 75,000 au zaidi. Lazima ifuate taratibu za kuhakikisha usahihi wa hali ya juu. Na ukipinga kilichoandikwa, ina siku 30 za kuchunguza upya. Tume ya shirikisho inayosimamia usawa kazini nayo ilieleza mwaka 2012 kwamba kukamatwa peke yake hakuthibitishi kwamba kosa lilitendwa.

Wasemaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuzijua haki hizo. Wakimbizi wengi walipoandikishwa kambini bila vyeti vya kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari, na majina yao yakapangwa kwa namna ambayo la baba likawa la mwisho leo na la katikati kesho. Sasa chukua jiji lenye wanaume kadhaa wenye jina moja la dini, jina moja la ukoo, na wote wamezaliwa 1 Januari ya miaka inayokaribiana. Kampuni inayotafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa inaweza kumpa mmoja rekodi ya mwenzake, na mwenye nyumba akamfungia mlango bila kumwambia sababu. Nimemwona mtu wa makamo, baba wa watoto watano, akishika barua ya kunyimwa nyumba kwa ajili ya kosa lililotendwa katika mji ambao hajawahi kuukanyaga. Dawa ilikuwa ni nakala ya ripoti ile, iliyokuwa haki yake kuipata bure, na barua ya ukurasa mmoja ya kuipinga. Ninawasihi watu waombe rekodi zao wenyewe kabla hawajaombwa na wengine, wajue ni nini kilichoandikwa chini ya jina lao.

Ndugu akikamatwa usiku, mama au mke wake atafute kwanza kwenye mfumo wa VINE na orodha ya kizuizini, akijaribu majina kwa mpangilio wote unaowezekana. Asikimbilie kumlipa mtu anayempigia simu na kujitambulisha kuwa ni mdhamini, kwa kuwa tangu mwaka ule ule wa 1976 Kentucky imepiga marufuku biashara ya kudhamini watu kwa malipo, na anayedai ada ya namna hiyo humo jimboni anatapeli au anavunja sheria. Mtu aliyekamatwa bila hati ya mahakama ya kumkamata anapaswa, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1991, sababu ya kukamatwa kwake iwe imepimwa na ofisa wa mahakama ndani ya saa 48, kwa kawaida. Na kama si raia, wakili wake ana wajibu wa kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri kosa lolote. Wajibu huo uliwekwa mwaka 2010 katika shauri lililotoka Kentucky yenyewe, la dereva wa lori mzaliwa wa Honduras ambaye wakili wake alikuwa amemdanganya kwamba asiwe na wasiwasi.

Shauri likiisha vizuri, hatari nyingine huanza, na hii haizungumzwi vya kutosha. Tangu Machi 2020, sheria ya Kentucky inamtaka jaji aamuru kufutwa kwa rekodi ya mtu aliyeachiwa huru, au ambaye shtaka lake lilifungwa kwa namna ambayo haliwezi kufunguliwa tena, siku 30 zikishapita, isipokuwa mhusika mwenyewe akipinga. Ni sheria njema, na laiti Davis angeipata. Baada ya kufutwa, ofisi zinazoulizwa hujibu kwamba hakuna rekodi. Lakini fomu ya kuomba uraia wa Marekani inamuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa, na inataka jibu hata pale rekodi ilipofutwa, pamoja na hati ya mahakama iliyothibitishwa inayoonyesha shauri liliishaje. Mkimbizi aliyeonewa, akashinda, akasafishwa, anaweza kufika mbele ya ofisa wa uhamiaji miaka minne baadaye akiwa hana karatasi ya kuonyesha kwamba alishinda, na karani akawa hana tena cha kumpa.

Kwa hiyo siku jaji anapolifunga shauri, kabla ya kuondoka katika jengo lile, familia ishuke kwa karani na kuomba nakala mbili mbili zenye muhuri: za fomu aliyoijaza askari na za amri ya jaji. Seti moja iwekwe pamoja na vyeti vya watoto na karatasi za kuingilia nchini, na nyingine ipelekwe kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.